Tairi kubwa kwenye gari dogo: Piga hesabu kabla ya kununua rimu

KYELA ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi nchini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka nyanda za juu na kutandaza maji na udongo kwenye tambarare kabla ya kuingia Ziwa Nyasa.

Udongo huo ndio unaotupa mpunga na kakao. Ndio huo huo unaokwamisha magari.

Barabara kuu ya kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu ni ya lami. Shida ya mfanyabiashara mdogo iko kwenye kile kipande cha mwisho, kutoka barabara kubwa hadi kwenye ghala la mpunga au mwaloni wanakoshusha usipa. Hapo ndipo Corolla au Starlet ya zamani inapogusa tumbo chini, na mwenye gari anaanza kuwaza: kwa nini nisifunge tairi kubwa zaidi?

Ni wazo zuri likifanyiwa hesabu. Bila hesabu, ni njia ya haraka ya kupoteza mtaji wa msimu mzima.

Soma namba za tairi

Corolla nyingi za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilitoka kiwandani na tairi zilizoandikwa 155/80R13. Namba 155 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 ina maana kwamba ubavu wa tairi ni asilimia 80 ya upana huo. Namba 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Asilimia 80 ya 155 ni milimita 124. Kwa kuwa kuna ubavu wa juu na wa chini, zidisha mara mbili upate 248. Rimu ya inchi 13 ni sawa na milimita 330. Jumlisha: tairi zima lina kimo cha milimita 578.

Sasa chukua rimu za Toyota IST, ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu zinapatikana kwa urahisi na zinaingia kwenye Starlet na Corolla nyingi zenye nati nne za kipimo cha milimita 100. Tairi lake la kawaida la inchi 14 ni 175/65R14. Ukipiga hesabu ile ile unapata milimita 583.

Tofauti ni milimita 5 tu. Tena gari halipandi kwa milimita zote hizo, maana nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli na nusu chini yake. Umenunua rimu nne na tairi nne, na gari limepanda kwa milimita mbili na nusu, kama unene wa sarafu moja.

Mwenzako aliyebaki na rimu zake za inchi 13, akabadilisha tairi tu kuwa 165/80R13, amepata kimo cha milimita 594. Gari lake limepanda milimita 8, zaidi ya mara tatu ya lako, na hakununua rimu hata moja.

Funzo la kwanza ni hilo: rimu kubwa si lazima iwe tairi kubwa. Kinachoinua gari ni kimo cha tairi zima.

Kila milimita ina bei yake

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kufunga 195/65R15 yenye kimo cha milimita 634. Hapo gari linapanda karibu milimita 28, na kwenye tope tofauti hiyo inaonekana. Lakini kuna mambo manne ya kulipia.

Kwanza ni nguvu. Injini na gia hazijabadilika, ila gurudumu limekuwa kubwa kwa karibu asilimia 10. Nguvu ya kusukuma gari inapofika chini inapungua kwa karibu asilimia 9. Kwenye tambarare ya Ipinda huenda usiione. Lakini kutoka Kyela hadi Tukuyu unapanda zaidi ya mita 1,000, na ukiwa na magunia matatu ya mchele utalazimika kutumia gia ndogo kwa muda mrefu. Klachi na mafuta vitakueleza.

Pili ni breki. Breki zile zile sasa zinashika gurudumu refu zaidi, hivyo unahitaji kukanyaga kwa nguvu zaidi ili kusimama kama zamani. Kushuka kutoka Tukuyu na mzigo, breki zikiwa zimepata moto, si mahali pa kugundua jambo hili.

Tatu ni spidomita. Ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 88. Mahali penye kibao cha 50 utakuwa unakwenda 55, na askari wa usalama barabarani hatasikiliza habari za rimu. Kilomita za safari nazo zinapungua kwenye mita: umbali wa kilomita 100 utasomeka kama 91. Anayekadiria matumizi ya mafuta au siku ya kubadilisha oili kwa kutumia mita hiyo atakosea kila mara.

Nne ni vyuma vya chini. Tairi zito na pana linachosha beringi na viungo vya usukani. Likitokeza nje ya madigadi linarusha matope, na likikwaruza ndani linajikata lenyewe.

Ndiyo maana wataalamu wengi wa tairi hushauri kimo kipya kisizidi cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3 hivi. Ile 165/80R13 imo ndani ya kiwango hicho. Ile ya inchi 15 imevuka mara tatu.

Viwanda vilifanyaje?

Gari dogo maarufu la Uingereza, Mini, lilipotoka mwaka 1959 lilikuwa na rimu za inchi 10 tu. Mwaka 1984 Mini zote zikapewa rimu za inchi 12. Lakini kiwanda hakikubadilisha rimu peke yake: kiliweka pia breki za diski mbele na kupanua madigadi. Mwenye gari anayebadilisha rimu na kuacha breki amefanya nusu ya kazi.

Mfano mwingine tunao hapa Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa mvua. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Lilikuwa gari la injini ndogo, lakini rimu zake zilikuwa za inchi 15 tangu kiwandani, tairi zake nyembamba na ndefu, na uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Lilitengenezwa hivyo tangu mwanzo, gia na breki zikiwa zimepangwa kwa kimo hicho.

Zingatia pia wembamba wa zile tairi. Kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata tope na kushika chini, wakati pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga wa Matema mambo hugeuka: hapo unahitaji tairi litandae, na njia rahisi ni kupunguza upepo kidogo, kwenda polepole, kisha kujaza tena kabla ya kurudi barabarani.

Kwa wanaobeba vyungu vya Wakisi kutoka Lyulilo kuna sababu moja zaidi. Tairi lenye ubavu mrefu hupokea mashimo kwa ulaini. Lenye ubavu mfupi juu ya rimu kubwa hupeleka kila kishindo kwenye mzigo.

Je, inalipa?

Tuchukue mfano; wewe weka bei za dukani kwako. Tuseme rimu nne na tairi zake, zote za mtumba, zinagharimu shilingi 600,000. Tuseme kila safari inakuachia faida ya 25,000. Unahitaji safari 24 za ziada ili kurudisha fedha yako.

Sasa jiulize, tope lilikunyima safari ngapi msimu uliopita? Tuseme 12, na tairi mpya zingeokoa nusu yake. Hizo ni safari 6, sawa na 150,000 kwa msimu. Utasubiri misimu minne, wakati tairi za mtumba huenda zisifike huko.

Njia nyingine ni kuacha gari kwenye lami na kulipa bodaboda au mkokoteni 10,000 kuleta mzigo. Kila safari itakuachia 15,000, na kwa safari zote 12 utapata 180,000, bila kutumia mtaji wowote.

Hesabu hubadilika tairi zako zikiwa zimekwisha. Hapo utanunua tairi kwa vyovyote, hivyo gharama ya kweli ni ile nyongeza tu. Kama 165/80R13 inazidi 155/80R13 kwa 20,000 kila moja, nyongeza ni 80,000, nayo hurudi kwa safari nne. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuongeza kimo ni siku ya kubadilisha tairi zilizokwisha, si siku uliyokwama.

Kabla ya kufungua pochi

Anza na springi. Springi zilizochoka huweza kushusha gari kuliko tairi litakavyolipandisha. Punguza mzigo pia. Gunia la lumbesa hulaza gari hata likiwa na tairi za aina gani.

Ukiamua kununua rimu, hakikisha nafasi ya nati ni ile ile. Corolla za zamani zinazosukuma kwa nyuma zina nati nne za kipimo cha milimita 114.3, si 100. Usikubali fundi atoboe matundu mapya.

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi la mtumba. Zikiwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee hupasuka hata kama meno yake bado marefu.

Baada ya kufunga, pakia mzigo wako wa kawaida, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, na uangalie kama tairi linagusa popote. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hivi. Jaribu breki mahali patupu na tambarare kabla ya kuelekea mlimani.

Na kabla ya yote hayo, chukua kalamu na usome namba kwenye ubavu wa tairi ulilonalo sasa. Hesabu yake ni ya dakika mbili, nayo inaweza kukubakizia shilingi laki kadhaa za kununulia mpunga msimu ujao.