Je, Wajua? Kompyuta za Kijapani za Zamani, Majina Unayoyajua Tangu Utotoni

Sogea hapa kwenye benchi, mkazi wa Turwa, tuanze bila kuzungushana. Je, wajua kwamba mwezi Juni 1983 makampuni ya Japani yalitangaza kompyuta ya nyumbani ya mfumo mmoja, ikaitwa MSX? Mchezo ulioununua kwa kompyuta ya Sony ulichezeka pia kwenye ya Toshiba, Sanyo, Hitachi na Canon. Niambie, katika majina hayo ni lipi hulijui hapa Tarime?

Unazikumbuka betri za National? Matsushita, wenye jina hilo, walianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966. Na mwaka 1983 wakatoa kompyuta ya MSX yenye jina lilelile la National!

Casio je? Ile ya saa ya mkononi na kikokotoo cha shuleni? Mwaka 1984 Casio waliuza kompyuta ya PV-7 kwa yeni 29,800 tu. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 8, na bado watoto waliiandikia programu!

Jina la Yamaha unalijua kwenye pikipiki na kwenye injini za mitumbwi kule Musoma. Basi sikia: Yamaha wa vyombo vya muziki walitoa kompyuta ya CX5M mwaka 1984, unaichomekea kinanda na kupiga. Kompyuta nyingine za MSX za Yamaha ziliingia madarasani katika shule za Muungano wa Kisovieti.

Hujakaa vizuri bado. Kompyuta ya Sony ya MSX, aina ya HB-G900, ilifika angani! Wanaanga wa Kisovieti waliitumia ndani ya kituo cha Mir, kilichokuwa kikiizunguka dunia.

Je, wajua MSX inavyowaka? Unabonyeza swichi, na baada ya sekunde chache kioo kinakuwa cha buluu chenye maandishi meupe, kinakuambia una hadi baiti 28,815 za kuchezea, kisha kinasema «Ok». Hakuna cha kupakua, hakuna nywila. Andika PRINT "KARIBU TURWA", bonyeza RETURN, na imeshakujibu.

Sasa andika PLAY "CDE" uone. Kompyuta inakuimbia do, re, mi! Chipu yake ya sauti inapiga noti tatu kwa mpigo mmoja, kwa hiyo mpiga litungu mwenye subira anaweza kuiandikia wimbo wa Kikuria kwa herufi tupu.

Unajua programu zilihifadhiwa wapi? Kwenye kaseti ya kawaida, ileile ya muziki! Uholanzi walikwenda mbali zaidi: redio ilirusha programu hewani kama milio, wasikilizaji wakazirekodi nyumbani na kuziingiza kwenye kompyuta zao.

Mpenzi wa michezo, hii yako. Metal Gear, mchezo uliozaa mfululizo maarufu duniani, ulianzia kwenye MSX2 mwezi Julai 1987. Wote ulikaa kwenye kilobaiti 128. Picha moja uliyotumiwa jana kwa WhatsApp huenda inauzidi.

Mwaka huohuo wa 1987 Sharp walitoa X68000, kompyuta yenye umbo la minara miwili iliyosimama bega kwa bega. Ilionyesha rangi 65,536 na iliuzwa yeni 369,000. Katikati ya minara kuna mpini unaochomoza ukiubonyeza, ili uibebe. Ukizima swichi ya mbele haizimiki papo hapo, inakamilisha kwanza kazi yake!

Je, wajua kwamba NEC waliuza zaidi ya kompyuta milioni 18 za jamii ya PC-98, iliyoanza mwaka 1982? Karibu zote zilibaki Japani. Siri mojawapo ni maandishi: mashine hizo zilikuja kuwa na chipu maalumu zenye maumbo ya herufi za Kijapani zaidi ya 6,000, wakati sisi kwa Kiswahili tunatosheka na herufi zisizofika 30.

Shika hii pia. Prosesa ya kwanza ya chipu moja kuuzwa sokoni, Intel 4004 ya mwaka 1971, ilizaliwa kwa sababu kampuni ya Kijapani ya Busicom ilitaka vikokotoo. Mhandisi wao Masatoshi Shima alishiriki kuibuni, kisha akashiriki kubuni Z80 ya mwaka 1976, ambayo ndiyo moyo wa MSX. Z80 iliendelea kuuzwa mpaka mwaka 2024. Miaka 48!

Umewahi kununua gari la Kijapani, redio ikagoma kukamata stesheni nyingi? FM ya kwao ilianzia 76 na kuishia 90, yetu inapanda hadi 108. Sasa ajabu yenyewe: Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983 iliyogeuzwa kompyuta kwa kibodi mwaka 1984, ilituma picha kwenye chaneli za runinga za Kijapani zilizokuwa kati ya 90 na 102. Masafa ya runinga yao ya wakati huo ndiyo masafa ya redio zetu!

Na umeme je? Soketi ya Japani inatoa volti 100, ya Tarime inatoa 230. Chomeka mashine ya Kijapani moja kwa moja na utaiunguza; inataka transfoma ya kushusha umeme kwanza. Japani yenyewe imegawanyika: mashariki umeme wa hezi 50, magharibi hezi 60!

Tanzania nayo ina yake. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, halafu mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu 1973, lakini Bara ilisubiri stesheni ya runinga mpaka 1994. Kwa hiyo MSX ilipovuma, hapa Tarime runinga ya kuichomekea ilikuwa adimu!

Ghuba waliipata. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliuza MSX zinazoandika Kiarabu kwa jina la Sakhr, zilizotengenezwa na Yamaha na Sanyo. Mtoto wa Kiarabu alijifunza kuandika programu kwa lugha ya mama yake.

Je, wajua wakusanyaji wanapambana na nini? Kapasita zinazovuja na kula bodi, mikanda ya mpira ya flopi inayolegea, na plastiki nyeupe inayogeuka njano. Kapasita ni kazi ya fundi redio yeyote anayejua kulehemu. Plastiki hupakwa hidrojeni peroksidi, ikaanikwa juani, ikarudia weupe!

Nyamongo wanachimba dhahabu ardhini, Japani wakaichimba kwenye vifaa vya zamani. Medali zote za Olimpiki ya Tokyo zilitokana na simu, kompyuta na vifaa vingine vilivyotolewa na wananchi. Walipata kilo 32 za dhahabu!

Unadhani flopi zilikufa zamani? Serikali ya Japani ilimaliza kufuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizotaka flopi na vifaa vya aina hiyo mwezi Juni 2024. Ndiyo, 2024!

Mapenzi haya hayafi. Mwaka 2011 Mfaransa Joseph Redon alianzisha jumuiya mjini Tokyo ya kuhifadhi michezo ya kompyuta za Kijapani isipotee. Na mwaka 2023 X68000 ilirudi sokoni ikiwa ndogo, minara yake miwili ikiwa palepale.

La mwisho ni lako. Simu uliyoshika ina nguvu ya kuigiza MSX nzima, kuna programu za bure za kazi hiyo; ifungue leo na umwandikie mwanao PRINT ya kwanza. Na ukikutana na kibodi nene yenye jina la Sony, National au Yamaha kwenye mzigo wa vyuma chakavu kuanzia Sirari hadi Mugumu, usiache iuzwe kwa kilo. Soma volti nyuma yake, ipeleke kwa fundi, iwashe!