Kwa Nini Kona za Baadhi ya Viwanja vya Mbio Zimeinuliwa

Vijana wengi wa Eldoret na vijiji vya jirani hujifunza mbio katika barabara za udongo na katika viwanja vyenye mzunguko wa mita 400, ambavyo kona zake ni tambarare. Lakini mkimbiaji akialikwa Ulaya au Marekani wakati wa baridi, hukuta huko uwanja uliojengwa ndani ya jumba. Mzunguko wake ni mita 200 tu, na kona zake zimeinuliwa upande wa nje kama ubavu wa bakuli. Asiyezijua kona hizo aweza kushindwa na watu anaowazidi mbio. Yafaa basi sababu yake ielezwe.

Mtoto akifunga jiwe kwa kamba na kulizungusha, jiwe huivuta kamba. Akiiachia, jiwe halizunguki tena, bali hukimbia moja kwa moja. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kiendacho: hakipindi njia isipokuwa kimevutwa. Mkimbiaji hana kamba. Kinachompindisha ni miguu yake, nayo hukanyaga kwa nguvu kuelekea nje ili mwili upate kusukumwa ndani. Ndiyo sababu wakimbiaji huinama upande wa kushoto wanapoingia kona.

Nguvu inayotakiwa hutegemea mambo mawili: mwendo wa mtu na ukali wa kona. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Kona ikiwa kali maradufu, nguvu huwa mara mbili.

Tuchukue mfano wa Wilson Kipketer, aliyesoma katika shule ya St. Patrick's huko Iten, si mbali na Eldoret, kisha akaikimbilia nchi ya Denmark. Mwezi wa Machi 1997, ndani ya jumba mjini Paris, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 42.67, akaweka rekodi ya dunia ya mbio za ndani. Mwendo huo ni karibu mita 7.8 kwa kila sekunde. Uwanja wa nje una kona pana, yenye mita 36 na nusu kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni. Mtu wa kilo 60 akienda kwa mwendo huo, kona hiyo humtaka nguvu ya upande sawa na uzito wa kilo 10 hivi. Katika uwanja wa ndani, ambao kona yake ina kama mita 17 tu, nguvu hiyo hupita kilo 21. Tena mita 800 huko ni mizunguko minne, yaani kona nane badala ya nne.

Hapo ndipo fundi humsaidia mkimbiaji. Kona ikiinuliwa kwa digrii 10, ardhi yenyewe humsukuma mtu kuelekea ndani, na kazi ya upande iliyobakia kwa miguu hupungua hadi kilo 11 hivi. Basi kona kali ya ndani huwa karibu sawa na kona pana ya nje. Kwa sababu hiyo hiyo barabara kuu huinuliwa kwenye kona, na viwanja vya mbio za baiskeli, ambako mwendo ni mkubwa zaidi, huinuliwa hata kupita digrii 40.

Mtu aweza kuuliza: mbona kona za viwanja vya nje haziinuliwi? Jibu ni kwamba kona iliyoinuliwa humfaa yule aendaye kwa kasi. Mtoto au mzee aendaye polepole hapo huvutwa kuteremka ndani, na vifundo vya miguu yake huumia. Katika kiwanja cha nje sheria huruhusu mteremko mdogo tu kuelekea ndani, usiozidi sentimita 1 kwa kila mita 1 ya upana, nao hufaa kuondoa maji ya mvua.

Hata ndani ya jumba kuinua kona hakumalizi dhuluma yote. Katika mita 200, aliyepewa njia ya ndani kabisa hupata kona kali kuliko wenzake. Kwa hiyo, baada ya mwaka 2004, mbio hizo ziliondolewa katika mashindano ya dunia ya ndani.

Kwa hiyo kijana wa Eldoret aendaye huko na afike mapema, ajizoeze kona hizo kwa mwendo wa mashindano. Akizijaribu polepole tu atadhani zimejengwa kombo. Akizikimbia kwa kasi, atajua kwa miguu yake mwenyewe kwa nini ziliinuliwa.