Uzito wa Mwili na Maumivu ya Viungo na Mgongo kwa Askari wa Zamani wa Marekani: Suala la Kisababishi

Uhusiano kati ya uzito wa mwili na maumivu ya viungo kwa askari wa zamani wa Marekani umezoeleka kuelezwa kwa njia moja: mwili ukinenepa, goti na kiuno huelemewa. Maelezo hayo si potofu, ila yanaiacha nje historia ya kazi yenyewe. Askari wa miguu hubeba silaha, fulana ya kujikinga, maji na shehena ya risasi, mzigo ambao mara nyingi hupita kilo 30, katika miaka ambayo yeye mwenyewe bado ni mwembamba. Gegedu la goti na visahani vya uti wa mgongo huweza kudhurika kabla unene haujaingia katika hesabu.

Kuhusu mzigo wenyewe, ushahidi ni thabiti. Utafiti wa Messier na wenzake wa mwaka 2005, uliohusisha wazee 142 wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa kuchakaa kwa goti, ulibaini kuwa kila kilo inayopungua mwilini huambatana na upungufu wa takriban kilo nne za mzigo unaolielemea goti katika kila hatua. Hata hivyo, uzito hauumizi kwa kuelemea tu. Watu wanene hupatwa zaidi na ugonjwa huo hata katika vidole vya mikono, navyo havibebi mwili. Sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba tishu za mafuta hutoa kemikali, zikiwamo leptini na intalukini-6, zinazochochea uvimbe viungoni. Kwa mgongo uhusiano huo upo, lakini ni dhaifu zaidi, kwani maumivu ya kiuno mara nyingi hayana chanzo kimoja kinachoonekana katika picha za eksirei, na huchangamana na sonona na kukosa usingizi.

Katika tiba, dawa kali hazijathibitika kuwa njia ya mkato. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018, likiongozwa na Krebs, liliwafuatilia kwa miezi 12 maveterani 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko waliopewa dawa nyingine, na maumivu yao yalikuwa makali zaidi kidogo. Kinyume chake, jaribio la mwaka 2013 kwa raia 454 lilionyesha kuwa kuunganisha lishe na mazoezi hupunguza maumivu ya goti kuliko kimojawapo pekee.

Kinachobishaniwa zaidi ni mwelekeo wa kisababishi. Askari aliyeumia goti la kulia hutembea kidogo, hunenepa, kisha goti la kushoto au kiuno huanza kuuma. Je, maumivu hayo mapya yanatokana na utumishi? Mwaka 2017 wanasheria wa idara ya serikali inayowahudumia maveterani walitoa maoni kwamba unene si ugonjwa wa kulipiwa fidia wenyewe, bali unaweza kuwa hatua ya kati inayounganisha jeraha la jeshini na ulemavu wa baadaye. Chini ya msimamo huo, mdai hana budi kuonyesha kwamba jeraha ndilo lililomnenepesha, na kwamba unene huo ulichangia kwa uzito unaostahili katika ulemavu mpya. Hapo ndipo kumbukumbu za mizani, zilizoandikwa kliniki kabla ya jeraha na baada yake, zinapogeuka kuwa ushahidi.