Asiyekwenda hospitali si kwamba haumwi

KWA mkulima wa Kaengesa, wilayani Sumbawanga, ugonjwa una gharama mbili. Ya kwanza ni nauli, vipimo na dawa. Ya pili haiandikwi kwenye risiti: siku za palizi zinazopotea, na magugu hayangoji mtu apone.

Ndiyo maana wengi huvumilia. Homa hutulizwa kwa vidonge vya dukani, na safari ya hospitali mjini husubiri mahindi yauzwe.

Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazokadiria hatari ya mtu kuugua kabla hajazidiwa. Hujifunza kutoka kumbukumbu za wagonjwa wengi, kisha humlinganisha mtu na hao. Kwa mkulima, swali ni moja: kumbukumbu hizo ni za nani?

Mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo haikupima ugonjwa wenyewe, bali gharama za matibabu.

Kwa kuwa wagonjwa weusi walitumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye hali ileile, walionekana wana nafuu. Watafiti walikadiria kuwa kosa hilo likirekebishwa, sehemu ya weusi katika uangalizi huo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Ufipa nako kosa kama hilo linaweza kutokea. Kaya iliyovuna kidogo hutumia kidogo hospitalini. Kompyuta inayosoma risiti itadhani kaya hiyo ina afya njema, na fedha zitapelekwa kwa wenye risiti nyingi.

Nchini kuna mfano wa njia nyingine. Mwaka 2021 na 2022, mwongozo wa kompyuta uitwao ePOCT+ ulijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Mhudumu aliulizwa dalili za mtoto hatua kwa hatua kwenye kishikwambi.

Katika vituo vilivyoutumia, watoto waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 23.2, dhidi ya asilimia 70.1 kwingineko, na kupona kwao hakukuwa kubaya zaidi. Mwongozo huo haukujifunza kutoka kwenye risiti; ulitungwa na wataalamu kwa kufuata dalili za mgonjwa.

Hivyo, programu itakayoletwa Kaengesa ipimwe kwanza kwa wagonjwa wa zahanati za vijijini, ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na ilinde siri za mgonjwa kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Zaidi ya yote, dawa ziwepo. Mama akiambiwa na simu kwamba yuko hatarini, kisha akakuta rafu tupu, atakuwa ameongezewa hofu tu, na siku ya palizi imekwisha.