TRIPLEKSI YA NJE: NAMNA YA KUICHAGUA NA KUIPAKA RANGI



Wote tulisikia tangazo la mkutano wa asubuhi: kiangazi hiki, mwezi wa saba, salongo yetu itakuwa kazi ya kubadilisha mbao za ukuta wa darasa la saba, upande ule unaotazama ziwa. Ukuta huo ni wa mawe chini na wa mbao juu, kama nyumba nyingi za mji wetu tunazoita semidiri. Mbao zimeoza. Mvua ikipiga kutoka ziwani, wadogo zetu wa darasa la saba wanahamisha viti na daftari zao mpaka upande wa mlango, na mwalimu anafundisha nusu ya darasa imesimama. Wazazi wamechanga feza ya kununua tripleksi. Feza hiyo haitachangwa mara mbili, njo maana ninaandika mbele ya kununua, si nyuma ya kununua.

Ninaandika tena kwa sababu sisi nyumbani tulikwisha kukosa. Tulifunika ukuta wa jikoni kwa tripleksi ya plafo, kwa kuwa ilikuwa bei ya chini. Mwezi wa nane ilikuwa inapendeza sana. Mvua ya mwezi wa tisa ikaanza, na mbele ya Noeli tripleksi ilikuwa imevimba pembeni na kujifungua kurasa kwa kurasa kama kitabu kilichoanguka majini. Baba mdogo, ambaye ni fundi seremala, alikuja kuangalia akacheka. Akasema: “Hii muliweka njo ya ndani, bantu bangu. Ya nje iko na kole yake.” Maneno yake ndiyo mwanzo wa makala hii.

1. Tripleksi ni kitu gani?

Mti unachongwa kwa mashini kama mtu anayemenya chungwa, unatoa tabaka nyembamba na refu. Tabaka hizo zinapakwa gundi na kubanwa pamoja kwa moto. Kila tabaka linalala kinyume cha lile la chini yake: nyuzi za moja zikienda urefu, za nyingine zinaenda upana. Kwa hiyo tabaka haziko tatu, tano au saba bila sababu: hesabu isiyogawanyika kwa mbili inafanya sura zote mbili za nje zivutane sawasawa, na ubao usijikunje. Zikiwa tatu, jina tripleksi linafaa kabisa. Zikizidi, mafundi wanasema multipleksi. Mimi nitasema tripleksi kwa zote, kama tunavyosema sisi wote mjini.

Faida yake ni hii: ubao wa mti mzima, kama mbao zetu za mikaratusi, unapungua ukikauka na kuacha nafasi ambamo upepo unapita. Tripleksi haipungui sana. Tena, ikipigiliwa vizuri inashika shevro zote pamoja, ukuta hauyumbi. Jambo hilo si dogo kwetu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu. Majengo mengi ya matofali yakapasuka, na ngambo ya Rwanda makanisa yaliangukia watu waliokuwa katika ibada. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazee wanasimulia. Ukuta mwepesi ulioshikana unaumiza watu kidogo kuliko ukuta mzito.

2. Kuichagua

Jambo la kwanza ni gundi. Tripleksi nyingi za ndani zinashikwa na gundi ambayo unyevu wa siku nyingi unaivunja. Ya nje inashikwa na gundi ya fenoli, ambayo hata maji ya kuchemka hayaiwezi. Angalia alama iliyopigwa mgongoni mwa ubao. Herufi WBP zinaonyesha gundi inayovumilia maji na kuchemshwa. Katika kanuni za Ulaya, EN 636-3 ni ubao wa kukaa nje, EN 636-2 ni wa mahali penye unyevu kidogo, na EN 636-1 ni wa mahali pakavu tu. Mara nyingi gundi ya fenoli inaonekana kama mistari myeusi au ya kahawia kwenye ukingo. Hiyo ni dalili, lakini si ushuhuda.

Na alama nayo, mtu yeyote anaweza kuipiga. Ukimwuliza muuzaji: “Yaya, hii iko ya nje?” atakujibu: “Iko muzuri, peleka tu.” Hasemi uongo, pengine yeye mwenyewe hajui. Kwa hiyo tuombe kipande kidogo, cha upana wa mkono, na tukipime wenyewe. Tukichemshe saa nne, tukikaushe usiku kucha karibu na moto, kisha tukichemshe tena saa nne. Viwanda vinapima karibu namna hiyo. Tabaka zikiachana, tumshukuru muuzaji na tuende duka lingine. Makala ya jikoni hayatapotea, kwa sababu siku ya maharagi moto unakaa toka asubuhi. Lakini tafazali, kipande kisiingie katika sufuria ya chakula! Gundi si ya kula.

Jambo la pili ni tumbo la ubao. Angalia ukingo wa pande zote nne. Ukiona matundu kati ya tabaka, uache: maji na wadudu watakaa mule. Sura ya nje isiwe na mafundo yaliyotoka wala mipasuko mirefu.

Jambo la tatu ni unene. Shevro za ukuta wetu zinasimama kila sentimita 61, kwa hiyo ubao wa sentimita 122 unashika shevro tatu. Kwa nafasi hiyo tuchukue unene wa milimita 12. Wa milimita 9 unatosha shevro zikikaribiana kwa sentimita 40. Wa milimita 4 ni wa plafo. Wacha ubakie kule juu.

Jambo la nne, na wengi wanalisahau: gundi nzuri haigeuzi mti. Tabaka zinaweza kubaki zimeshikana, na mti wenyewe ukaoza au ukaliwa na mchwa. Tripleksi ya nje inataka kofia na viatu kama mtu anayesafiri wakati wa mvua. Kofia ni paa lililotoka vizuri nje ya ukuta. Viatu ni msingi wa mawe. Ukingo wa chini wa ubao ukae sentimita 20 au zaidi juu ya udongo, mbali na matone yanayoruka.

3. Kuipigilia

Hapa kuna sheria tano.

(a) Tusipigilie tripleksi moja kwa moja juu ya shevro. Tutangulize lati za sentimita 2 na nusu, zikisimama wima. Kati ya lati hewa inapita kutoka chini mpaka juu, na maji yaliyopenya yanakauka. Tufunge wavu wa chuma chini na juu, panya wasifanye parseli yao mule ndani.

(b) Kati ya ubao na ubao tuache milimita 3, unene wa msumari. Ubao ukivimba kidogo utapata nafasi. Tukibananisha sana, utainuka tumbo. Nafasi hiyo tuifunike kwa kipande cha mbao cha sentimita 5, kilichokwisha kupakwa rangi pande zote.

(c) Mahali ubao mmoja unakaa juu ya mwingine, tuweke ukanda wa manjanja uliokunjwa: juu uingie nyuma ya ubao wa juu, chini utoke mbele ya ubao wa chini. Hivyo maji yanatupwa nje. Ukuta wetu una kimo cha ubao mmoja tu, lakini nyumbani mtakutana na shida hiyo.

(d) Misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Ya kawaida inashika kutu na kulia machozi mekundu juu ya rangi. Iwe ya sentimita 7, ili ipite ubao na lati, iingie ndani ya shevro. Pembeni tupigilie kila sentimita 15, katikati kila sentimita 30, na tusikaribie ukingo kuliko sentimita 1. Kichwa cha msumari kilingane na ubao, kisizame, maana kila shimo la nyundo ni kikombe cha maji.

(e) Tuchukue ubao watu wawili wawili. Mmoja una uzito wa karibu kilo 20, na ukianguka kwa pembe, pembe inafunguka.

4. Kuipaka rangi

Ukingo njo adui wa kwanza. Nyuzi za mti ni kama mirija: kwa sura ya ubao maji yanaingia polepole, lakini kwa ukingo yanavutwa kama soda. Kwa hiyo mbele ya kupigilia, kila ukingo tuupake rangi ya kwanza mara mbili au tatu mpaka usinywe tena. Ubao ukikatwa, ukingo mpya upakwe siku ile ile.

Kisha tupake mgongo wa ubao pia. Wengi watasema: “Mgongo nani ataona?” Lakini ubao uliopakwa upande mmoja unakunywa unyevu upande mwingine na kujikunja. Tukumbuke kwamba Nuhu naye aliamriwa kupaka lami safina yake ndani na nje. Wale wanaopenda kupaka upande unaoonekana tu, wajifunze kwake.

Rangi gani? Tuchague rangi ya maji ya akriliki inayosema ni ya nje: moja ya kwanza, kisha mbili za kumaliza. Inanyumbuka pamoja na mti. Rangi ya mafuta inakuwa ngumu na kupasuka mti ukitembea. Verni isiyo na rangi inapendeza macho, lakini mwangaza wa jua unapita ndani yake na kuharibu mti chini yake. Kwa muda mfupi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi isiyo nyeusi sana inafaa zaidi, maana ubao hauchomeki na jua na haupasuki upesi. Tupake wakati mti umekauka, umande umetoka, na jua halipigi ukuta wenyewe. Tupanguse vumbi kwanza kwa msasa mwembamba na kitambaa.

5. Na mafuta ya vidanji?

Najua swali hili litakuja, kwa kuwa nyumba nyingi za mbao katika mji wetu zimepakwa mafuta meusi yaliyotoka katika injini. Sitachekelea mtu: yanapatikana kwa feza kidogo, na kwa kweli maji hayaingii upesi. Lakini yako na ubaya tatu. Ya kwanza, ni sumu: mafuta yaliyokwisha kutumika katika injini yakikaa juu ya ngozi mara kwa mara yanaweza kuleta kansa. Ukuta ambao watoto wanauegemea kila siku usipakwe hivyo. Ya pili, mvua inayaosha, na kutoka Muhumba maji yote yanakwenda wapi, kama si ziwani? Ya tatu, mbao zikishakunywa mafuta hayo, rangi haitashika tena juu yake.

Tena kuna moto. Katika Kadutu, huko Nkafu na Nyamugo, moto umekwisha kula nyumba nyingi za mbao zilizoshikana. Tripleksi ni mti, nayo inawaka, na rangi haitaizuia. Basi mbabula isiwekwe karibu na ukuta huo, na nyaya za umeme zisipigwe misumari juu yake na mtu asiye fundi.

6. Hesabu yetu

Ukuta una urefu wa metre 7.32 na kimo cha metre 2.44, hauna dirisha. Ubao mmoja una metre 1.22 kwa 2.44. Basi mbao 6 zinatosha. Eneo ni karibu metre za mraba 18. Litre moja ya rangi inapaka karibu metre za mraba 8. Rangi ya kwanza, mbele na mgongo, ni metre 36: litre 5 pamoja na kingo. Rangi ya kumaliza, mara mbili mbele, ni metre 36 tena: litre 5. Yule atakayesema tupunguze, aniambie ni upande gani utabaki bila nguo.

Na kama feza haifiki kwa tripleksi ya kweli? Basi, kwa maoni yangu, tununue mbao za kawaida zilizokauka vizuri, tuzipandanishe kama magamba ya samaki, na tuzipake rangi. Ubao mmoja ukioza, tunabadilisha mmoja tu. Tripleksi ya plafo ikipelekwa nje, inabadilishwa yote. Mbao nzuri ni bora kuliko tripleksi mbaya. Baba mdogo anakubali hivyo pia.

Sisi wafinalisti hatutakaa katika darasa hilo. Mwezi wa tisa tutakuwa tumekwisha kwenda, kila mtu na njia yake. Lakini mvua ya kwanza itapiga ukuta huo, na mwanafunzi mdogo atakuwa anaandika pembeni yake. Kama daftari yake itabaki kavu, salongo yetu haikuwa ya bure. Nanyi mnaobaki, kila mwisho wa kiangazi zungukeni ukuta, angalieni kingo za chini, na mahali rangi imepasuka pakeni tena mbele ya mvua. Brosi nitaiacha kwa doyen atakayefuata.

Doyen wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho