Vigae vya mandhari

Vigae vya mandhari ni vipande bapa, kwa kawaida vya umbo la mraba au mstatili, ambavyo hupangwa mezani ili kuonyesha mahali ambapo matukio ya mchezo yanatokea, kama vile chumba cha ngome, pango, njia ya msituni au daraja. Hutumika hasa katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wa hadithi za kubuni, kama Dungeons & Dragons. Viwanda kadhaa huuza vigae hivyo, lakini wachezaji wengi hujitengenezea wenyewe nyumbani kwa kadibodi, povu gumu au jasi.

## Historia

Mfano maarufu wa zamani ulitoka Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpa mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo wa vita uliowekwa ndani ya kabati la mbao. Uwanja wake ulikuwa wa vigae vya kaure vilivyopakwa rangi, ambavyo viliweza kupangwa upya kila mara ili kupata nchi tofauti. Mwaka 1824 mwanawe alitoa mchezo uliotumia ramani badala ya vigae.

Dungeons & Dragons, iliyobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ilitolewa mwaka 1974. Ilitokana na michezo ya vita iliyotumia vinyago vidogo vya askari. Katika toleo la tatu la mwaka 2000, mapigano yalielezwa kwa miraba: mraba mmoja wa inchi 1 mezani ni sawa na futi 5, yaani kama mita 1.5, katika ulimwengu wa hadithi.

## Kazi ya vigae

Mchezo waweza kuchezwa kwa maneno matupu, msimulizi akieleza na wachezaji wakiwaza. Ugumu huanza wakati wa mapigano. Mchezaji mmoja hudhani adui yuko karibu, mwingine hudhani yuko mbali, na uhai wa mhusika hutegemea nani yuko sahihi. Vigae huondoa ubishi huo, kwa kuwa kila mtu huhesabu miraba ileile.

Faida ya pili ni siri. Ramani iliyochorwa yote huonyesha vyumba vyote kwa mara moja. Vigae huwekwa kimoja kimoja kadiri wahusika wanavyosonga mbele, hivyo wachezaji hawajui kilichopo nyuma ya mlango mpaka waufungue.

## Vipimo

Kwa kuwa vigae hupangwa kwa namna nyingi, jambo la msingi katika utengenezaji ni kipimo kimoja kwa vyote. Mraba wa inchi 1 ni sentimita 2.54, hivyo kigae cha miraba mitatu kwa mitatu huwa na sentimita 7.62 kila upande. Kosa dogo hujikusanya: vigae 12 vilivyopungua milimita 1 kila kimoja vikipangwa mstari mmoja hupungua milimita 12, karibu nusu ya mraba, na vyumba havikutani tena.

Unene nao unapaswa kulingana, la sivyo vinyago huyumba kwenye maungio. Ukuta pia huhitaji kufikiriwa mapema. Ukijengwa juu ya kigae, hula sehemu ya mraba, na kinyago chenye kitako cha milimita 25 hakitoshi tena. Kwa hiyo ukuta huongezwa nje ya miraba, au huachwa kabisa na mwisho wa kigae ukahesabiwa kuwa ndio ukuta. Kuta ndefu hupendeza kwenye picha, lakini huwazuia walioketi upande wa pili wasione. Wengi huzifanya fupi, kiasi cha sentimita 1 hadi 2.

## Vifaa na hatua

Kadibodi ya maboksi hupatikana kwa urahisi na huwafaa wanaoanza. Kifaa kinachopendwa zaidi ni polistirini ngumu inayouzwa kama mbao za kuzuia joto katika majengo. Ile ya punje nyeupe, inayofungiwa televisheni na majokofu, humeguka inapokatwa na haishiki michoro midogo.

# Kupima na kukata. Hutumika rula ya chuma na kisu chenye makali, kikipitishwa kwa wepesi mara kadhaa. Kukata kwa nguvu mara moja huchana povu. Kigae cha kwanza kilichopimwa vizuri huwa kielelezo cha vingine vyote.
# Kuchora mawe. Miraba huchorwa kwa kukandamiza kalamu ya wino. Kisha karatasi ya alumini iliyofinyangwa kuwa mpira hugandamizwa juu yake ili uso ufanane na jiwe.
# Kuimarisha. Gundi nyeupe ya mbao huchanganywa na rangi nyeusi ya maji na kupakwa kote. Kadibodi hupakwa pande zote mbili, kwa kuwa ikiloa upande mmoja hujikunja ikikauka.
# Kupaka rangi. Rangi ya kijivu hutangulia. Hufuata rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi, ambayo hutuama kwenye mifereji. Mwisho, brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe hupitishwa juu juu ili kingo za mawe zionekane.

## Tahadhari

Rangi nyingi za kupulizia zina viyeyusho vinavyoyeyusha polistirini, hivyo hazipulizwi juu ya povu lisilofunikwa. Waya wa moto wa kukatia povu hutoa mvuke wenye madhara, na hutumiwa mahali penye hewa ya kutosha. Vumbi la msasa huhitaji barakoa. Kisu hupitishwa mbali na vidole vinavyoshika rula, na watoto hufanya kazi hiyo wakisimamiwa na mtu mzima.

## Matumizi na uhifadhi

Seti ndogo yenye vyumba viwili, njia chache na pembe kadhaa hutosha kuanzia, kwa sababu vigae visivyo na alama za pekee hurudiwa katika ngome nyingi tofauti. Vitu kama meza, mapipa na milango havigandishwi kwenye kigae bali hutengenezwa kando, ili chumba kilekile kiweze kuwa jiko leo na gereza kesho. Vigae huhifadhiwa vikiwa vimelala, mbali na jua kali na unyevu.