Sauti Isiyosikika Kando ya Kitanda

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupoteza lita nzima ya damu bila tone hata moja kutoka nje ya mwili wake? Damu hiyo hukusanyika tumboni, na ngozi ya juu pengine haina hata mchubuko. Kijana aliyepigwa pembe na fahali huko Kibakwe, mwendesha bodaboda aliyerushwa njiani akitokea Gulwe, mtu aliyeporomoka kutoka juu ya mbuyu: wote wanaweza kufikishwa Hospitali ya Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, wakizungumza vizuri, na saa moja baadaye wasiweze kuzungumza tena. Mkono wa daktari unaobonyeza tumbo mara nyingi hauigundui damu hiyo mapema. Kinachoigundua ni sauti.

Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine ya altrasaundi inapochunguza tumbo hutoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde, kisha hunyamaza na kusubiri mwangwi. Mtoto wa Ugogo hufanya jambo la namna hiyo anapotupa kijiwe kisimani: kadiri mlio unavyochelewa, ndivyo maji yalivyo mbali. Ndani ya mwili sauti husafiri kama mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa kitu kilicho sentimita 10 chini ya ngozi hurudi baada ya sehemu 130 tu za milioni za sekunde. Mashine huikusanya miangwi kwa maelfu na kuichora ikawa picha inayotembea. Ini hurudisha sauti kidogo kidogo kila mahali, kwa hiyo huonekana la kijivu. Damu iliyomwagika muda si mrefu haina cha kuirudisha, ikaonekana nyeusi. Mfupa huirudisha karibu yote na kuacha kivuli nyuma yake. Hewa ndiyo kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maana uwazi mdogo kabisa wa hewa kati ya mashine na ngozi huizuia sauti isiingie. Kuuziba uwazi huo ndiyo kazi ya ile jeli ya baridi wanayopakwa akina mama wajawazito.

Asili ya chombo hiki si hospitalini. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zinapobanwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin akazitumia fuwele kupeleka sauti baharini na kutafuta nyambizi. Viwandani, sauti hiyo ikawa ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mjini Glasgow, daktari wa akina mama Ian Donald alipoiona mashine ya viwandani akajiuliza kwa nini isitazame ndani ya mtu. Akishirikiana na mhandisi Tom Brown na mwenzake John MacVicar, mwaka 1958 alichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Kati ya wagonjwa wake alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Sauti ilionyesha uvimbe wenye maji kwenye kifuko cha mayai. Akafanyiwa upasuaji na kupona.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mashine ilikaa chumbani kwake, na mgonjwa ndiye aliyeifuata. Kwa aliyekuja kupima ujauzito hilo halina shida. Kwa anayevuja damu ni hatari, kwani njia ya kutoka mapokezi hadi chumba cha picha inaweza kuwa ndefu kuliko muda aliobakiwa nao. Wazo la kuipeleka mashine kwa mgonjwa, na aliyemshika mgonjwa ndiye aishike, lilipata uzito katika misiba mikubwa. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Armenia mwaka 1988, madaktari waliwapima majeruhi 400 ndani ya siku tatu, wastani wa dakika 4 kwa kila mmoja, ili wajue nani apelekwe kwanza kwenye upasuaji.

Ukanda wa Mpwapwa nao una tarehe yake. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilipoteza breki kwenye mwinuko, ikarudi kinyumenyume na kugongana na treni ya mizigo katika eneo la Msagali na Igandu. Watu 281 walifariki. Sisemi mashine yoyote ingewaokoa. Wengi mauti yaliwakuta palepale relini. Lakini mamia waliobaki hai walihitaji mtu wa kuwapanga: huyu anasubiri, huyu hawezi kusubiri. Wakati huo Tanzania haikuwa na mpango wowote wa kusomesha madaktari bingwa wa magonjwa ya dharura.

Mpango huo ulianza mwaka 2010. Mwezi Januari Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua Idara ya Tiba ya Dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha ubingwa. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2013. Tangu mwanzo mwanafunzi wa fani hiyo hufundishwa altrasaundi kando ya kitanda kama anavyofundishwa kusikiliza kifua. Baadaye, kwa sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa mwaka 2021 wa kukabili athari za UVIKO-19, majengo ya dharura yalianza kuinuka hata katika hospitali za wilaya. Majengo ninayafurahia sana. Ila jengo halisomi picha.

Mtaalamu wa dharura hatafuti kila kitu. Anaiendea mashine akiwa na swali moja linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Kwa aliyeumia anaweka probu, ile sehemu ya mashine inayogusa ngozi, mahali panne: kando ya ini, kando ya wengu, nyuma ya kibofu, na chini ya chembe ya moyo akiitazamisha juu. Damu hufuata bonde, na mgonjwa akilala chali bonde mojawapo ni uwazi kati ya ini na figo ya kulia, mfuko wa Morison, uliopewa jina la mpasuaji Mwingereza Rutherford Morison. Ukanda mweusi hapo kwa majeruhi mwenye presha inayoshuka maana yake ni thieta. Kwa mwanamke ambaye kipimo cha mimba kinasema anayo, anayelalamika tumbo na kizunguzungu, ukanda uleule huashiria mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka. Mama wa namna hii hana muda wa kupelekwa Dodoma mjini, kilomita 120 hivi, kwa ajili ya kipimo tu. Anahitaji wapasuaji waitwe sasa na ndugu zake watoe damu sasa.

Hapa ndipo ugumu wa kujifunza unapoanza. Nchi kavu kama Ugogo haikosi watu wenye maji ya zamani tumboni: ini lililokakamaa kwa ugonjwa, kifua kikuu cha tumbo, moyo uliochoka. Maji hayo nayo ni meusi kwenye kioo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza huona weusi akapiga kelele za thieta. Aliyeiva humtazama mgonjwa kwanza, akauliza tumbo limejaa tangu lini, akatafuta ini lililosinyaa, na akiwa na shaka huchukua sindano na kuvuta kidogo aone rangi. Wengine hudanganywa na maji yaliyo ndani ya tumbo la chakula, wengine na mafuta yaliyozunguka moyo. Upande wa wengu huwasumbua karibu wote: huweka probu chini mno na mbele mno, kumbe damu imejificha juu, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuamini jibu la "hapana". Damu ikiwa kidogo haionekani, kwa hiyo aliyepimwa saa mbili usiku na kuonekana mzima anapaswa kurudiwa presha yake ikianza kucheza.

Baada ya hapo ndipo kuna masomo ya juu, na kwangu mimi hapa ndipo pana utamu. Mapafu, kwa mfano. Vitabu vya zamani vilisema altrasaundi haina kazi kwenye mapafu kwa sababu yamejaa hewa. Daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein hakukubali. Aligundua kwamba hata miangwi ya uongo inayozalishwa na hewa ina mpangilio unaosomeka, na mwaka 2008 alichapisha utaratibu wa kutofautisha sababu kuu za mtu kushindwa kupumua. Pafu zima huonekana likiteleza chini ya mbavu kila pumzi. Pafu lililoachana na ukuta wa kifua halitelezi. Pafu lenye maji hutoa mistari mirefu ya wima. Usiku, fundi wa eksirei akiwa nyumbani kwake, mistari hiyo inaweza kuamua kama mama aliyejifungua majuzi na sasa anahema kwa shida apewe dawa ya kupunguza maji au dawa ya nimonia.

Kuna moyo pia. Swali la kwanza ni kama umezungukwa na maji yanayoubana, jambo ambalo kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu. Mwaka 2010 Tom Heller na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walipendekeza utaratibu mfupi wa kutafuta kifua kikuu kilichosambaa kwa wagonjwa wenye VVU: maji kuzunguka moyo, mapafu na tumbo, tezi zilizovimba karibu na mshipa mkuu, na vidoa vyeusi kwenye wengu. Ni utaratibu uliozaliwa katika wodi zinazofanana na zetu, na mtu wa Mpwapwa angeufaidi kuliko nusu ya yaliyomo katika vitabu vya Marekani. Kisha moyo uliosimama: wakati wa kukandamiza kifua, daktari anaruhusiwa kuuchungulia moyo pale tu wanapopumzika kupapasa mapigo, na mapumziko hayo hayatakiwi kuzidi sekunde 10. Anayetafuta picha nzuri kwa sekunde 20 anamdhuru mgonjwa.

Je, ustadi huu unapatikana kwa kupima watu wangapi? Chama cha madaktari wa dharura wa Marekani, ACEP, kinakadiria vipimo 25 hadi 50 kwa kila aina ya swali, vikikaguliwa na anayejua. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kozi ya siku mbili hotelini humpa mtu cheti. Mwezi mmoja baadaye probu iko kabatini, kwa kuwa hana wa kumwuliza kama alichokiona ndicho.

Afrika Mashariki ina mfano wa kuliondoa tatizo hilo. Huko Rukungiri, magharibi mwa Uganda, Hospitali ya Karoli Lwanga Nyakibale iliwafundisha wauguzi kuwa watoa huduma za dharura na kuwapa altrasaundi. Picha zao zilitumwa kwa intaneti, wataalamu wa mbali wakazikagua na kurudisha maoni. Faida ya kipimo chenyewe vijijini nayo imeonekana: katika hospitali za vijijini mashariki mwa Rwanda, madaktari wa kawaida walipofundishwa mwaka 2008, kipimo kilibadilisha mpango wa matibabu kwa zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa waliopimwa. Na miaka ya 1980 huko Turkana, Kenya, watu wa shirika la afya la AMREF walikwisha kuibeba altrasaundi hadi kwenye maboma ya wafugaji, wakitafuta vifuko vya minyoo ya mbwa ndani ya maini ya watu.

Mashine nazo zimesinyaa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Butterfly iQ, probu moja inayochomekwa kwenye simu, ambayo badala ya fuwele ina maelfu ya tando ndogo juu ya kipande cha silikoni. Ilipoingia sokoni iliuzwa chini kidogo ya dola 2,000. Anayenunulia hospitali aulizie pia ada ya programu ya kila mwaka, maana programu isiyolipiwa huzuia baadhi ya kazi. Jeli ikiisha, ipo njia: watafiti waliofanya kazi Congo walichapisha mwaka 2015 jinsi ya kutengeneza mbadala kwa unga wa muhogo, chumvi na maji.

Hospitali ya wilaya haihitaji kumfundisha kila mtu. Nadhani ianze na watumishi wawili au watatu ambao hawatahamishwa mwakani, mmoja wao awe wa zamu za usiku, na mtaalamu wa radiolojia awe mwalimu wao wa kwanza, asidhani wamekuja kumnyang'anya kazi, kwa kuwa kipimo kamili cha ini au cha mimba kinabaki chake. Daktari bingwa wa Dodoma azitazame picha zao kila wiki kwa simu. Liwepo daftari mezani lenye safu tatu: swali lililoulizwa, kilichoonekana, na kilichokutwa tumbo lilipofunguliwa au mgonjwa alipofika kwa rufaa. Safu ya tatu ndiyo huachwa tupu kila mahali, kwa sababu habari za mgonjwa aliyeondoka na gari la wagonjwa huwa hazirudi. Anayempokea Dodoma apige simu Mpwapwa aseme alichokuta.